Kabla ya kuleta malinwa katika lupango

Ndugu watumishi, na ninyi wamama mulio nyumbani, tangu wizi unasumbua makambi yetu, watu wengi wanatafuta mbwa mukubwa. Jina linalosikika ni moja tu: malinwa. «Ukiwa na huyo, mwizi hasubutu kupanda ukuta.» Ni kweli, malinwa ni mbwa mukali na mwenye akili. Lakini mimi kazi yangu iko katika chumba cha kufunga vidonda, na mutu anayeletwa kwangu na alama za meno, mara nyingi si mwizi. Ni mutoto wa nyumba, ao mutoto wa jirani aliyekuja kuokota mupira wake.

Kwanza tumujue mbwa mwenyewe. Alipata jina kwa muji wa Malines, kule Ubelgiji. Katika mwaka 1891 Adolphe Reul, mwalimu wa shule ya waganga wa nyama ya Cureghem karibu na Bruxelles, alikusanya mbwa wachungaji wa inchi ile na kuwapanga kwa manyoya yao. Malinwa ni yule mwenye manyoya mafupi ya rangi ya muchanga na uso mweusi. Wazee wake hawakulala mbele ya mulango. Walizunguka kundi la kondoo tangu asubuhi mpaka jioni. Dume ana kilo 25 mpaka 30, jike kilo 20 mpaka 25. Si muzito kama berje wa Ujerumani, ambaye dume lake linaweza kufika kilo 40, lakini mbio na haraka yake ni nyingine kabisa. Ndiyo sababu polisi na jeshi katika inchi nyingi wanamutumia.

Sasa mbwa wa namna hii, sisi tunamununua, tunamufunga munyororo wa metre mbili chini ya muti wa maembe, na tunasema analinda. Mutumishi aliyezoea kazi ya nguvu, mukimufungia katika chumba miezi sita bila kazi, atagombana na kila mutu anayepita. Mbwa ni vilevile. Anazunguka, anabweka usiku na muchana, anakula ubao. Siku munyororo unakatika, hatachagua nani ni mwizi na nani ni mutoto.

Niseme kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nililetewa malinwa mudogo, nikamuchukua bila kufikiri kwa sababu alikuwa muzuri. Mimi nilikuwa kazini, mara muchana, mara usiku. Alipofika miezi saba alikuwa amekula kamba ya nguo, viatu vya mama watoto, na nusu ya mulango wa jiko. Mama watoto akaniuliza: «Baba, ulituletea mulinzi ao musumeno?» Hakuwa mbwa mubaya. Alikosa kazi tu. Nilimupa rafiki mwenye shamba, na kule akatulia.

Basi, mbele ya kutoa feza, hesabuni saa. Malinwa mukubwa anaomba kutoka mara mbili kwa siku, karibu saa moja kila mara, na kukimbia, si kutembea polepole kama mutu anayetoka misa. Zaidi ya ile, anaomba kufundishwa: kuja akiitwa, kukaa, kuacha kitu. Dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni zinatosha, lakini kila siku, na bila fimbo. Mbwa anayepigwa anajifunza kuogopa mukono, na mbwa mwenye woga anauma. Kama baba yuko kazi ya usiku na anarudi kulala, nani atamutosha? Kama hakuna jibu, muache malinwa. Mimi ninaona kwamba mbwa wetu wa kawaida wa kambi, akiwa na chanjo na chakula, anabweka vizuri sana, na mwizi anaogopa kelele mbele ya kuogopa meno.

Kama jibu liko, nendeni kumutazama mama ya wale mbwa wadogo. Mama anayejificha ao anayetaka kuuma kila mugeni, watoto wake mara nyingi watamufuata. Musikubali mbwa mudogo aliyetolewa kwa mama yake mbele ya majuma 8. Katika majuma yale ya mwisho ndugu zake wanamufundisha asiume kwa nguvu. Katika kundi, musichague anayekimbilia kona, wala anayewatesa wengine. Wale wanaopendelea berje wa Ujerumani waulize habari ya viungo vya nyonga vya wazazi wake, kwani ugonjwa wa nyonga unamupata mara nyingi, na mbwa wa namna ile akiwa mudogo asirukishwe ngazi.

Chakula: bukari peke yake haijengi mbwa wa kilo 28. Muchanganye ndakala, matumbo yaliyopikwa, ao samaki. Mifupa iliyopikwa inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo, na kitunguu ni sumu kwake. Mumupe mara mbili kwa siku, na asikimbie mara moja kisha kula, kwa sababu tumbo la mbwa mukubwa mwenye kifua kirefu linaweza kujaa hewa na kujipindua. Akivimba na kutaka kutapika bila kutoa kitu, anaweza kufa siku ileile. Maji, karibu litre mbili kwa siku, na zaidi katika mwezi wa kumi wakati jua la Katanga linaunguza. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema. Saa sita ya muchana si saa ya mbio.

Kuna pia mambo madogo yanayofika mpaka kwa watoto. Minyoo ya mbwa inatoka katika mavi yake na kuingia kinywani mwa mutoto anayecheza na udongo, basi mavi yaokotwe kila siku na mbwa apewe dawa ya minyoo. Na wale funza wanaoota chini ya ngozi kama jipu, inzi wake anataga mayai katika muchanga wenye mukojo na katika nguo zilizoanikwa. Pahali pa kulala mbwa pakauke, na nguo zipigwe pasi ya moto, hata nepi.

Lakini jambo kubwa ni chanjo. Chanjo za kwanza zinaanza kwa majuma 6 mpaka 8 na kurudiwa mpaka majuma 16. Ile ya kichaa cha mbwa, raje, inatolewa kwa miezi 3, kisha inarudiwa kama munganga wa nyama alivyoandika katika karatasi. Karatasi ile ichungwe pamoja na vitambulisho vya nyumba. Raje ikishaonyesha dalili ndani ya mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini tangu kidonda mpaka dalili, mara nyingi inapita miezi miwili ao mitatu, na katika nafasi ile chanjo inaokoa.

Siku moja baba mumoja alileta kijana wa miaka 7, aliyeumwa mukono na malinwa wa kwao. Ilikuwa jana yake jioni. Walikuwa wametia mafuta ya gari, wakafunga kitambaa, wakangoja. Nilimuuliza: mbwa ana chanjo? Akatazama chini. Musifanye hivi. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, hata mutoto akilia. Kisha hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ana karatasi. Munganga ataamua chanjo, na serum kama kidonda ni kirefu, na atatazama habari ya tetanosi. Mbwa musimuue kwa hasira. Afungwe pahali pazuri, apewe chakula, atazamwe siku 10. Akibaki muzima siku zile zote, hakuwa na raje katika mate siku aliyouma. Chanjo ya mutoto isingoje siku zile ziishe.

Kijana yule alipata mashindano yake yote, na mbwa alimaliza siku 10 bila kuugua. Baba yake aliondoa munyororo, akajenga uzio wa mabati nyuma ya nyumba. Sasa kijana wake wa kwanza anamutosha mbwa kukimbia kila asubuhi saa kumi na moja, mbele ya kwenda masomo.