Kiatu cha Shimba Hills kwa mwenye jasho la miguu

Sisi wenye jasho la miguu twajuana mlangoni mwa msikiti: ndio tunaoviweka viatu vyetu pembeni, mbali na vya wenzetu. Mjini twajisitiri kwa makubadhi. Shida huanza vijana wanapoalika matembezi ya Shimba Hills, kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick. Ni kama kilomita mbili kwenda, na kurudi ni kupanda. Huko makubadhi hayafai.

Wengi hukimbilia buti nene lisilopitisha maji. Kwa hewa yetu ya pwani sioni faida yake. Utando kama Gore-Tex hutoa mvuke wa jasho pale ambapo ndani ya kiatu kuna unyevu mwingi kuliko nje. Kwenye baridi ya Uingereza, sawa. Kwale, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, mvuke hutoka kwa shida. Na maji yakiingia kwa juu, hukaa humo kama ndooni.

Mimi huchukua kiatu chepesi chenye kitambaa cha wavu juu na soli yenye meno. Kitalowa kwa umande, ni kweli, lakini hukauka upesi. Mitumba ya Kongowea ina viatu vizuri vya namna hii, ila vikague. Kielekeze kiatu juani uchungulie ndani: ukiona vitone vya mwanga, hewa yapita. Vingine vina wavu nje kwa urembo tu, ndani vimezibwa kwa sponji nene. Kisha kunja soli na uibonyeze. Soli za povu la poliyurethani huoza kwa unyevu hata kiatu kikiwa hakivaliwi, na ikimeguka ukiwa bondeni utarudi pekupeku. Vuta pia soli ya ndani; ikitoka, utaweza kuianika.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ukijaribu vaa soksi utakazotembea nazo. Mbele iachie nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utakutoa kucha.

Soksi ndizo watu huzidharau. Za pamba hunywa jasho na kulishika; ngozi iliyolowa hulainika, ikisuguliwa hutoa malengelenge. Afadhali sufu nyembamba au poliesta. Najua sufu inaogopesha kwa joto letu, lakini ile nyembamba haichomi. Beba jozi ya pili ubadilishe ukifika maporomokoni. Na ukitawadha njiani, futa vizuri katikati ya vidole kabla ya kuvaa, kwani fangasi hupenda hapo.

Wazee wetu wenye sukari wasifuate ushauri wa "vaa sandali upate upepo". Sukari huweza kuua hisia za miguu, mwiba ukaingia bila mtu kujua na kidonda kikawa kikubwa. Wavae kiatu kilichofunikwa mbele, wapitishe mkono ndani kabla ya kuvaa, na wakirudi nyumbani mtu awaangalie nyayo. Wakikuta lengelenge wasilitumbue, waende kliniki.

Ukirudi, toa soli ya ndani, legeza kamba, sindilia gazeti kavu na ukiweke kiatu kivulini penye upepo. Jua kali hulegeza gundi. Gazeti likilowa badilisha, na usikivae tena mpaka kikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili.