Mdhamini Asiyekopa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na miaka mingi haufikishi milimita 600. Kwa hiyo chakula na fedha huingia nyumbani kwa mkupuo mmoja, Mei na Juni, mtama, uwele na alizeti vinapovunwa, ilhali matumizi hayana subira: mbegu na kibarua vinatakiwa Desemba, sare na madaftari Januari, na ghalani huanza kuonekana sakafu Februari. Katika miezi hiyo ndipo mkulima wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa anapojua bei halisi ya kukosa. Anayekopa gunia moja la mahindi Januari hukubali kurudisha mawili baada ya mavuno. Mwingine huuza alizeti ingali shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Aliye karibu na mji huangukia kwa wakopeshaji ambao mtaani wamekwisha kubatizwa jina la kausha damu, akaacha kadi ya benki au kadi ya pikipiki, na marejesho yakimshinda hubebewa kochi na runinga mchana kweupe, majirani wakitazama. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, na Novemba 2024 ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni hatua njema. Lakini kumfunga mkono mkopeshaji mbaya hakumpatii mama wa Chilonwa ile laki moja anayoihitaji Januari.

Ipo jamii iliyoshughulika na swali hilihili kwa karne nyingi, na nadhani uzoefu wake unatufaa kuliko tunavyodhani. Wayahudi wamekatazwa na Torati kumtoza riba ndugu maskini. Wasomaji wa Biblia wameyakuta maneno hayo katika Kutoka 22 na Walawi 25, na Waislamu wa Kondoa wana katazo lao la riba na mkopo wao mwema, kardhi hasana. Kinachojulikana kidogo ni kwamba Wayahudi hawakuliacha katazo hilo libaki mahubiri. Musa bin Maimuni, mwanasheria na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amekunja uso. Ya juu kabisa si ya anayetoa kingi wala ya anayetoa kwa siri: ni ya anayemkopesha mtu aliyeyumba, au kumshirikisha katika biashara, au kumpatia kazi, ili asifike mahali pa kuomba. Kwa fikra hiyo, miji mingi yenye Wayahudi ikawa na mfuko wa mikopo isiyo na riba, unaoitwa gemach, wakati mwingine ukiendeshwa na mtu mmoja kutoka sebuleni kwake. Wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki walipomiminika New York, mwaka 1892 walianzisha Hebrew Free Loan Society kwa mtaji wa dola 95, wakikopesha wachuuzi na mafundi cherehani dola chache chache. Chama hicho kingali hai hadi leo.

Kilichokiweka hai ni jambo ninalotaka kulikazia, kwa sababu ndilo tunalolikosa. Mkopaji hakuulizwa maswali mengi kuhusu maisha yake, na hakutakiwa kuweka rehani. Alitakiwa kuleta mdhamini, mara nyingi wawili: watu wanaojulikana, wenye kipato chao, ambao wao wenyewe hawakuchukua hata senti katika mkopo ule. Mkopaji akishindwa, mdhamini hulipa. Mpango huo ulihamisha kazi ya kumchunguza mkopaji kutoka kwa karani wa ofisini, asiyemjua, kwenda kwa mtu aliyekua naye au aliyewahi kumwajiri, na mtu huyo hawezi kuweka sahihi kwa kuoneana haya tu, maana haya yake itamgharimu fedha. Fedha zilizopotea katika vyama vya namna hii vya Marekani zilikuwa kidogo mno, na riba haikuwapo.

Tuitazame sasa mikopo yetu ya asilimia 10. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa nia, ni ile ngazi ya juu ya Musa bin Maimuni iliyotungiwa sheria ya nchi, na sijui nchi nyingi zilizothubutu hivyo. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mwaka baada ya mwaka madeni yasiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana, hadi serikali ikaisimamisha Aprili 2023 na kuirudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wengi walihitimisha kwamba Mtanzania hawezi kuheshimu mkopo usio na riba. Kwamba bila riba mtu huona amepewa zawadi ya serikali. Hitimisho hilo halisimami. Dosari ilikuwa katika udhamini. Watu watano walijiunga, wakaandika katiba, wakadhaminiana wao kwa wao, kisha wote watano wakapokea fedha siku moja. Biashara ya kikundi ikifa, wadhamini wote wamefilisika pamoja na mdaiwa, kwa kuwa wao ndio wadaiwa. Hakuna hata mmoja aliyebaki nje ya shimo ameshika kamba. Isitoshe, mkopeshaji ni halmashauri, na fedha za halmashauri machoni pa wengi hazina mwenyewe.

Atakayenipinga kwa nguvu zaidi ni mwanakikoba, yaani mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, na ana haki. VICOBA na vikundi vya hisa vimefanya katika vijiji vya Dodoma na Singida kazi ambayo benki hazikuifanya: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinazogongwa muhuri kitabuni kila mkutano, faini kwa anayechelewa. Riba wanayotozana, mara nyingi asilimia 5 au 10 kwa mwezi, inarudi kwao wenyewe siku ya mgawo. Kwa nini waiache? Jibu langu ni kwamba riba hiyo haiwarudii kwa usawa. Mwanachama mwenye hisa nyingi hukopa kidogo na kuvuna kingi. Mwenye hisa moja moja, anayekopa kila Januari kwa sababu ya njaa, ndiye anayejaza sanduku. Laki moja kwa asilimia 10 kwa mwezi, kuanzia Januari hadi mavuno ya Juni, ni nyongeza ya shilingi 50,000, nayo huishia kwa wenzake wenye nafuu. Kwa mkopo wa kuongeza mtaji wa genge sina ugomvi na hilo, kwani biashara inazalisha na riba ni sehemu ya gharama. Kwa mkopo wa unga na dawa, sehemu ya faida ya kikundi inatokana na shida ya wanyonge wake. Tena vikundi vingi huvunja sanduku Desemba, watu wakapata chochote cha sikukuu, na sanduku huwa tupu wiki zilezile njaa inapopiga hodi. Kwa kilimo cha uwanda wa kati, hiyo ni kalenda ya mahali pengine.

Lakini ndani ya sanduku hilohilo mna mfuko wa jamii, ule unaochangiwa shilingi mia tano au elfu kila mkutano kwa ajili ya msiba na ugonjwa, nao kwa kawaida hautozi riba. Hiyo ndiyo gemach yetu. Ipo tayari, ni ndogo tu na imeachwa ijitegemee. Ninachopendekeza ni mfuko huo usigawanywe Desemba, ukue mwaka hadi mwaka, na ukopeshe katika miezi ya njaa tu, kwa mdhamini mmoja ambaye hana deni mfukoni humo na ambaye si wa nyumba moja na mkopaji.

Hapo linakuja pingamizi ambalo sina jibu kamili kwalo. Mchuuzi wa New York akiugua, jirani yake fundi cherehani anaendelea kushona. Shida yao haiji siku moja. Mvua ikikosekana Bahi, imekosekana kwa mkopaji, kwa mdhamini na kwa mweka hazina. Wagogo walilielewa hilo zamani, ndiyo maana mwenye ng'ombe wengi aliwatawanya kwa ndugu na marafiki wa mbali, wanaotunza mifugo na kunywa maziwa yake, ili ukame au ugonjwa wa upande mmoja usimmalize. Hata utaratibu huo ulizidiwa na njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba mifugo, nafaka na vijana, kisha ukame ukafuata. Katika janga la namna hiyo hakuna mfuko wa kijiji unaofua dafu. Ni kazi ya ghala la taifa la chakula na ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Wayahudi wa Poland nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakujiinua peke yao: mamia ya mifuko yao ya mikopo isiyo na riba ilipata mtaji kutoka Joint, shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani lililoundwa mwaka 1914, huku wenyeji wakichanga sehemu yao na kuamua nani akopeshwe.

Basi mtaji wa nje ya ukame tutautoa wapi? Dodoma ya leo ina jibu ambalo Dodoma ya 1970 haikuwa nalo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoani, 765,179 kati yao jijini. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, jiji limejaa watu ambao mshahara wao hautegemei wingu: watumishi, wahadhiri, wafanyabiashara. Wengi wao hutoa fungu la kumi, zaka na michango ya harusi kwa ukarimu ambao hakuna takwimu inayoukamata. Sehemu ndogo ya ukarimu huo ikikaa kama mtaji unaozunguka badala ya kapu la Krismasi au futari ya mara moja, shilingi ileile itasaidia nyumba moja mwaka huu na nyingine mwaka kesho. Michango ya harusi, kwa kweli, ingeweza kupunguzwa kiasi bila ndoa yoyote kuvunjika.

Wapo watakaohofia kwamba msaada wa kanisa au msikiti utawafaa wa ndani tu. Hofu ina msingi: Kumbukumbu la Torati 23 yenyewe inaruhusu kumtoza mgeni riba, na hadi leo baadhi ya vyama vya mikopo vya Kiyahudi huko Marekani hukopesha Wayahudi peke yao. Kile cha New York, hata hivyo, hukopesha mkazi yeyote bila kujali dini. Na jirani yetu Uganda inatupa mfano wa karibu zaidi. Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919 na kupigwa marufuku kuabudu enzi za Idi Amin, ilikuwa ya wakulima wadogo wa kahawa wasio na tajiri wa kuwashika mkono. Mwaka 2004 mmoja wa viongozi wao, J. J. Keki, aliwakusanya majirani Wakristo na Waislamu wakaunda ushirika wa Peace Kawomera, wakauza kahawa yao kwa pamoja hadi Marekani. Hawakukopeshana kwa riba wala hawakugawana sadaka. Walitafuta bei nzuri pamoja, jambo ambalo kwa hesabu ya Musa bin Maimuni liko ngazi ileile ya juu. Kondoa, ambako Mwislamu na Mkristo huzikana na kuchangiana mbegu, haihitaji kujifunza ujirani kutoka Mbale.

Kisheria njia iko wazi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri, na hakuna kinachovilazimisha kutoza riba. Kinachohitaji kubadilika ni mistari miwili katika katiba ya kikundi, ule wa mgawo na ule wa wadhamini, na mkutano wa kuibadili ufanyike Julai, magunia yakiwa bado yamejaa na kila mwanachama akiwa bado anaweza kuchanga.