Kimo cha Gari Lenye Springi za Kurekebishwa

Gari lenye shokomzoba za uzi, zilizozungukwa na springi, huweza kuinuliwa au kushushwa kwa spana maalumu. Lisimamishwe penye usawa, upimwe urefu toka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Likiinuliwa, likalishwe juu ya stendi za chuma; jeki huteleza, na aliye chini hana pa kukimbilia. Uzi usafishwe mchanga, pete ya kufungia ilegezwe, ile ya springi izungushwe sawasawa kushoto na kulia, kisha zikazwe. Gari liendeshwe kidogo, lipimwe tena. Wapendao kulishusha mno kwa urembo wafikiri watoto wakijaa nyuma: tairi litasugua bodi. Kuliinua mno nako huvuta mpira wa breki. Hatimaye fundi apange magurudumu upya, tairi zisilike upande mmoja.