Vilima vya Mchanga vya Shela: Picha za Alfajiri na Maji ya Lamu

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yamfaa sana mtu atakaye kupiga picha za vilima vya mchanga, maana hana budi kuondoka kitandani kabla ya mapambazuko, kutembea gizani, kisha kupiga magoti mchangani hali wenzake wangali wamejifunika shuka. Katika Kenya, mahali pamoja pazuri kwa kazi hiyo ni Shela, katika kisiwa cha Lamu. Kutoka hapo ufuo waenea kuelekea Kipungani, na nyuma yake vimesimama vilima vyeupe vilivyorundikwa na upepo wa bahari.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini alfajiri? Jua likiwa utosini, nuru hushuka wima, na mchanga wote huonekana kama nguo iliyopigwa pasi, bila bonde wala mgongo. Lakini jua linapochomoza, miali yake hupita ikilala juu ya ardhi. Kila kilima hutupa kivuli, na hata vile vikunjo vidogo vilivyochorwa na upepo hupata upande wa nuru na upande wa giza. Kivuli ndicho kinachoonyesha umbo la kitu.

Tena Lamu iko karibu sana na Ikweta, na hapo jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa kila saa. Wakati ulio bora, basi, haufiki saa nzima. Yafaa mpiga picha awe amekwisha kuchagua mahali pake na kusimamisha kamera kabla ya saa 12, mbingu ingali ya kijivu. Anayefika saa 2 atakuta karamu imekwisha liwa.

Jambo la pili ni kiasi cha nuru. Kamera hupima kila kitu kana kwamba ni cha wastani, si cheupe wala si cheusi. Ikielekezwa kwenye mchanga mweupe hupunguza nuru, na mchanga hutoka kama majivu. Dawa yake ni kuongeza nuru; mara nyingi kuizidisha mara mbili ya kile kipimo chatosha. Hata simu za siku hizi zaweza kufanya hivyo. Lakini asizidishe mno, maana weupe ukipita kiasi hufuta vile vikunjo alivyovifuata. Kadhalika asibadilishe lenzi upepo unapovuma, wala asipanguse kioo kwa kitambaa kikavu chenye mchanga. Kwanza aipulize chembe, kisha ndipo apanguse.

Atakaye picha njema yampasa pia kujua jinsi vilima vinavyojengwa. Mwaka 1941, Ralph Bagnold, Mwingereza aliyekuwa afisa wa jeshi na aliyesafiri sana katika majangwa ya Misri na Libya, alitoa kitabu juu ya mwendo wa mchanga. Alieleza kwamba chembe nyingi za mchanga haziruki angani kama vumbi, bali hudunda. Chembe moja huinuliwa na upepo, huanguka mbele, na kwa kuanguka kwake huzirusha nyingine. Hivyo mchanga hupanda polepole upande unaopigwa na upepo, ambao huwa na mteremko wa taratibu, kisha huporomoka upande wa pili, ambao huwa mkali zaidi. Pande hizi mbili hukutana kwenye mgongo wa kilima, na asubuhi mgongo huo ndio mpaka wa nuru na kivuli. Macho ya mpiga picha yautafute. Wala asiukanyage, kwa sababu nyayo zake zitabaki mpaka upepo utakapozifuta.

Lakini vilima hivi si pambo tu. Mvua inaponyesha, maji hupenya mchangani na kukusanyika chini ya ardhi. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kisiwani. Wataalamu hukadiria kuwa kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi chini yake. Maana yake ni hii: maji ya juu yakishuka kidogo tu, ya chumvi yaweza kupanda mengi kutoka chini. Visima vya Shela vimeunywesha mji wa Lamu kwa miaka mingi, mji ule ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo ndipo penye hatari. Nyumba zikijengwa juu ya vilima, mchanga ukachotwa kwa ujenzi, na uchafu wa vyoo ukashuka ardhini, ghala hilo la maji huharibika. Kuta za matumbawe na milango ya nakshi zaweza kutengenezwa tena na fundi hodari; lakini kisima kilichoingia chumvi hakitengenezwi kwa patasi.

Basi mpiga picha aweza kuusaidia mji kwa njia nyepesi. Achague alama isiyohama, asimame palepale kila mwaka, mwezi uleule, saa ileile, aelekeze kamera upande uleule, na aandike tarehe nyuma ya picha au katika daftari. Mwezi uwe uleule, kwa kuwa kusi na kaskazi huubadili mchanga kila moja kwa namna yake. Baada ya miaka kumi, picha hizo zitaonyesha kilima kilichohama kwa upepo na kilima kilichoondolewa kwa koleo. Maneno ya barazani hubishaniwa, lakini picha yenye tarehe ni shahidi ambaye hasahau.

Mwisho, apitapo asiikanyage mimea itambaayo mchangani, kwani mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usipeperuke. Bandu bandu huisha gogo. Na kilima nacho huisha vivyo hivyo, na maji yaliyo chini yake.