Je, Wajua? Namba tasa inayosubiri mwaka 2038

Je, wajua kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa? Haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zidisha pamoja 2 thelathini na moja, kisha toa 1, utaipata.

Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiishi St. Petersburg na macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa, alithibitisha jambo hilo bila mashine. Hakujaribu kila namba. Kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Wala hapakuwa na haja ya kuvuka 46,340, maana kipeuo chake cha pili kinaishia hapo. Hoja moja fupi ikafuta sehemu kubwa ya kazi, na huo ndio uzuri wa hisabati!

Namba hiyohiyo ndiyo kikomo cha kompyuta zinazohesabu kwa biti 32 sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. Zitaifikia Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma mwaka 1901.