Makhan Singh: Mpiga Chapa Aliyeshika Kalamu

Kaloleni ninayoitaja hapa si ile ya Wagiriama, bali ni mtaa ulio Mashariki ya Nairobi. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Wengi humjua kwa hayo tu. Mimi hupenda kumtazama kama mtu wa kalamu. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha kupigia chapa cha baba yake, huku akitunga mashairi kwa Kipunjabi. Biashara ile ingemtosha. Yeye akachagua vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1949 akaanzisha pamoja na Fred Kubai shirikisho lao la Afrika Mashariki.

Alipofunguliwa aliandika historia ya vyama hivyo hadi 1952, nayo ikachapishwa 1969. Ni kitabu kizito, kimejaa tarehe na majina. Si cha kusomea kitandani. Lakini sisi wa pwani tukisome, maana migomo ya Mombasa ya 1939 na Januari 1947 imo. Ni nani mwingine aliyejishughulisha kuwawekea makuli wa Kilindini kumbukumbu?

Marehemu alifariki Mei 1973. Kitabu chake cha pili, kinachoanzia 1952, kilitolewa 1980.