Daftari la Usajili na Njia ya Msafara: Namna Utawala wa Soka la Dunia Unavyoifikia Tabora

1. Utangulizi

Tarehe 16 Agosti 2023, katika uwanja wa Azam Complex uliopo Chamazi, Dar es Salaam, timu ya Tabora United iliingia kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara ikiwa na wachezaji wanane tu. Wachezaji wapya iliowachukua kwa ajili ya msimu huo hawakuruhusiwa kuvaa jezi yake, kwa kuwa klabu ilikuwa imefungiwa kusajili na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Miguu (FIFA) kutokana na madai ya aliyekuwa kocha wake. Azam FC ilikuwa imekwisha kufunga mabao manne pale wachezaji wawili wa Tabora walipoumia, wakabaki sita. Sheria ya 3 ya mchezo hairuhusu mechi kuendelea iwapo timu moja ina wachezaji pungufu ya saba. Mwamuzi akaumaliza mchezo kabla ya dakika ya ishirini.

Tukio hilo lilizungumzwa sana kama kichekesho. Makala haya yanalitazama kama somo. Swali la msingi ni hili: uamuzi unaotolewa Zürich, nchini Uswisi, unapata wapi nguvu ya kuwazuia vijana wa mji wa Tabora wasiingie uwanjani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mamlaka ya soka la dunia humfikia mchezaji na klabu ya mkoani kwa njia ya usajili kuliko njia nyingine yoyote, na kwamba daftari lilelile linaloadhibu ndilo linalolipa. Mkoa usioandikisha vijana wake hupata adhabu za mfumo huu na kukosa manufaa yake.

2. Ngazi za mamlaka

FIFA iliundwa mjini Paris tarehe 21 Mei 1904 na vyama vya nchi saba za Ulaya. Leo ina wanachama 211. Wanachama hao ni vyama vya mpira wa miguu. Serikali hazimo, na klabu hazimo. Katika mkutano mkuu kila chama kina kura moja, hivyo kura ya Tanzania ina uzito sawa na ya Brazili. Chini ya FIFA yapo mashirikisho sita ya mabara, na la Afrika ni CAF, lililoasisiwa Khartoum mwaka 1957. Chama cha soka cha nchi yetu kilipokelewa FIFA mwaka 1964, na tangu mwaka 2004 kinajulikana kama Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF).

Ifahamike pia kwamba sheria za uwanjani hazitungwi na FIFA peke yake. Hutungwa na bodi ya kimataifa ya IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886, yaani kabla ya FIFA yenyewe kuwepo. Vyama vinne vya Uingereza vina kura moja kila kimoja, FIFA ina kura nne, na badiliko lolote huhitaji kura sita kati ya hizo nane.

Klabu ya Tabora haina uhusiano wa moja kwa moja na Zürich. Ni mwanachama wa chama cha wilaya au mkoa, nacho kiko chini ya TFF. Hata hivyo, kwa kukubali katiba ya TFF, klabu huwa imekubali kanuni za FIFA na vyombo vyake vya kutatua migogoro. Rufaa huenda katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyopo Lausanne, na migogoro ya soka kwa kawaida haipelekwi katika mahakama za kiraia.

Serikali husimama kando ya ngazi hizi. Nchini Tanzania, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, husimamia michezo kwa ujumla, lakini FIFA huhesabu kuwa ni kosa serikali inapochukua nafasi ya uongozi wa chama. Kenya ilifungiwa kwa sababu hiyo tangu Februari hadi Novemba 2022. Zanzibar nayo ilijifunza ukali wa mipaka ya uanachama: CAF iliipokea Machi 2017 na kuiondoa Julai mwaka huohuo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

3. Jinsi adhabu inavyosafiri

FIFA haina askari wala dalali wa kukamata mali. Chombo chake cha kulazimisha ni usajili. Mchezaji asiyeandikishwa hawezi kucheza mashindano rasmi, na anayetoka nchi moja kwenda nyingine hahamishwi bila hati ya kimataifa ya uhamisho, ambayo tangu Oktoba 2010 hushughulikiwa kwa mfumo wa kielektroniki. Anayeufunga mlango huo huwa ameishika klabu mahali pake pa uhai.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleweka. Kocha au mchezaji wa kigeni asiyelipwa hupeleka madai yake katika baraza la FIFA la kusuluhisha migogoro. Akishinda, klabu hupewa siku 45 za kulipa, kuanzia pale mdai anapowasilisha maelezo ya akaunti yake ya benki. Zikipita bila malipo, klabu huzuiwa kusajili wachezaji wapya hadi deni liishe, na zuio linaweza kudumu kwa vipindi vitatu kamili vya usajili mfululizo. Deni likilipwa, zuio huondolewa.

Kubadili jina hakufuti deni. Kanuni za FIFA zinamtambua mrithi wa kimichezo, yaani klabu inayorithi makao, rangi, wachezaji, wamiliki au nafasi ya ligi ya klabu iliyotangulia, na kumbebesha wajibu uleule. Jambo hili lina uzito katika nchi ambamo timu huhama mikoa na kubadili majina mara kwa mara. Tabora United yenyewe ilianzia Kilimanjaro kwa jina la Kitayosce, na mwaka 2025 ikageuka TRA United chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kiongozi anayepokea timu ya aina hii anapaswa kuuliza kwanza mikataba na madeni, ndipo aulize jezi.

4. Jinsi fedha inavyosafiri

Fedha za maendeleo ya soka hufika nchini kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mpango wa FIFA Forward, ulioanza mwaka 2016. Katika awamu ya 2023 hadi 2026, kila chama cha taifa kinaweza kupata hadi dola milioni 8 za Marekani: milioni 5 kwa ajili ya uendeshaji na hadi milioni 3 kwa ajili ya miradi mahususi. Fedha hizi hupitia TFF, na ni TFF inayopendekeza mahali pa mradi. Vituo viwili vya ufundi vilivyojengwa kwa mpango huu viko Kigamboni, Dar es Salaam, na Mnyanjani, Tanga. Vyote viwili viko pwani.

Njia ya pili haipitii uamuzi wa mpangaji yeyote, nayo ndiyo isiyojulikana sana mikoani. Ni mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi mwaka alipotimiza miaka 23. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mbwana Samatta alipohama kutoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, kwa kanuni hii fungu la ada lilistahili kurudi hadi Dar es Salaam, kwenye klabu zilizokuwa zimemwandikisha akiwa kijana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Nzega anaandikishwa katika klabu ya wilaya yake kuanzia miaka 12 hadi 15, kisha katika klabu ya Tabora mjini kuanzia 16 hadi 18. Baadaye anauzwa barani Ulaya kwa euro 1,000,000. Klabu ya Nzega inastahili asilimia 1, sawa na euro 10,000. Ya Tabora inastahili asilimia 1.5, sawa na euro 15,000. Tangu Novemba 2022 malipo ya aina hii hupitia taasisi maalumu ya FIFA iliyopo Paris, inayotumia pasi ya kielektroniki ya mchezaji kubaini alisajiliwa wapi na lini. Pasi hiyo haijui sifa za mtaani. Inajua tarehe zilizoandikwa tu.

5. Pengo la mkoa wa Tabora

Tabora haina upungufu wa soka. Milambo, iliyobeba jina la mtemi wa Urambo, iliwahi kucheza ligi ya juu. Rhino Rangers ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Mji huo umewahi pia kuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Hapo ndipo pengo linapoonekana. Vijana wengi hujifunza mpira shuleni, chini ya walimu wa michezo, katika umri uleule wa miaka 12 hadi 18 ambao kanuni huuhesabu. Lakini kwa tafsiri ya FIFA, shule isiyo mwanachama wa chama cha soka si klabu. Kijana aliyechezea shule peke yake hadi miaka 18 huanza kuhesabiwa siku anapoandikishwa na klabu kubwa ya Dar es Salaam, na zile euro 25,000 za mfano wetu hukosa wa kuzidai.

Historia ya njia hii inasaidia kuuona uzito wa jambo lenyewe. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilikutana Tabora kabla ya kuelekea Ujiji au Karagwe. Watemi waliotawala njia walitoza hongo, na Mirambo alipoifunga mwaka 1871, alikuwa akidai nafasi yake katika biashara iliyopita mlangoni pake. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani; ujira wao ulikoma mzigo ulipotuliwa, na bei ilipopanda ng'ambo, wao hawakuwa na fungu. Njia ya soka inatofautiana na ile ya pembe katika jambo moja: kanuni imemtengea fungu mbebaji wa kwanza, mradi ameandikwa.

6. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba usajili ndio kiungo kati ya Zürich na Tabora, kwa adhabu na kwa malipo. Kutokana na hoja hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, chama cha mkoa kihimize kila wilaya kuwa na klabu ya vijana iliyo mwanachama halali, na shule zishirikiane na klabu hizo ili mwanafunzi aandikishwe tangu miaka 12 bila kuacha kuichezea shule yake. Pili, klabu zitunze nakala za usajili wa kila msimu, pamoja na akaunti ya benki kwa jina la klabu. Tatu, mkataba wa kocha au mchezaji wa kigeni usitiwe saini mpaka chanzo cha mshahara wake kijulikane.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri uwanja mpya wala mfadhili. Yanahitaji katibu makini, fomu zilizojazwa kwa wakati, na mzazi aliyeelezwa kwa nini jina la mwanawe na tarehe yake ya kuzaliwa viandikwe sawasawa.